Maziwa ya Kuogea na Ulaini wa Ngozi



Wasomaji wangu wapenzi, mwezi huu nimepata barua kutoka kwa dada yetu mmoja akaaye Tanga. Ameniomba nisilitaje jina lake, nami nitamtimizia, kwani siri ya mtu ni amana. Aeleza kwamba binti yake ataolewa, insha-Allah, baada ya miezi miwili. Ngozi ya binti huyu ni kavu kwa asili. Upepo wa kusi ukivuma mikono humpauka, miguu humwasha, na visigino vyake vimefanya magaga. Mashoga zake wamemwambia kwamba dawa yake ni kuoga maziwa, maana hata malkia wa zamani walikuwa wakioga maziwa wakawa laini na weupe. Kisha wakamletea kikopo cha mafuta kisicho na maandishi, wakamwambia ajipake kila usiku baada ya kuoga maziwa hayo, na siku ya arusi watu watamdhania kuwa mwingine.

Mama huyu ameniuliza mambo matatu. La kwanza, je, maziwa yafaa kuogewa? La pili, yakifaa, hutengenezwaje? Na la tatu ameliandika chini kabisa, baada ya wassalaam, kana kwamba aliona haya kuliuliza. Asema kwamba nyumbani kwake hununuliwa lita moja ya maziwa kwa siku, naye ana watoto wengine wawili wadogo. Basi amnyime nani?

Nilipolisoma swali hilo la mwisho nililiweka gazeti kando na shughuli zangu zote nikafikiri. Nikaona lafaa lijibiwe kwanza, kwa sababu hayo mengine yote yalitegemea.

Dada yangu, usimnyime mtoto. Mwenyezi Mungu ameyataja maziwa katika Sura ya An-Nahl, aya ya 66, kuwa ni kinywaji safi na mazingatio kwetu. Basi haki ya kwanza ya maziwa ni kunywewa. Mtoto mdogo ajenga mifupa na meno yake kwayo. Ama mwali, hata ngozi yake ikiwa kavu namna gani, hatapata dhara lolote kwa kukosa kikombe cha maziwa katika ndoo yake ya kuogea, na hivi punde nitamwonyesha njia nyingine ambayo haitapunguza chochote katika kikombe cha ndugu zake.

Lakini sisemi hivi ili kumkatisha tamaa binti wa watu. Kujipamba hakukukatazwa, wala kutunza mwili si upuuzi. Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, mambo matatu yamekusanywa mahali pamoja: twaamrishwa kuchukua pambo letu, twaruhusiwa kula na kunywa, kisha twakatazwa israfu. Ni kama mafiga matatu ya jikoni. Ukiliondoa moja, chungu humwagika. Basi nami nitajaribu kuyashika yote matatu katika jawabu langu.

Malkia wa zamani

Hao mashoga hawakusema uongo waliposema kwamba wakubwa wa zamani walioga maziwa. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Pliny, aliyefariki mwaka 79, ameandika kwamba Poppaea, mke wa mfalme Nero, alikuwa akisafiri na punda majike 500 wenye kunyonyesha ili aoge maziwa yao. Hebu tulifikiri jambo hili sisi watu wa nyumbani. Punda 500 wataka malisho, wataka wachungaji, wataka wakamuaji, na watoto wa punda hao wabaki bila ya kunyonya, ili mwanamke mmoja aloweke mwili wake! Mfano huo waonyesha wingi wa mali aliyokuwa nayo mwanamke yule, walakini hauonyeshi kwamba maziwa mengi kiasi hicho yalihitajika.

Sasa tuutazame mfano ulio bora kwetu. Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akioga kwa pishi moja ya maji, nayo ndiyo saa, mpaka kufikia mudi tano. Kiasi hicho kwa vipimo vya leo hukaribia lita 3. Mtu aliyekuwa kiongozi wa umma mzima alitosheka na maji yanayojaa sufuria moja ya wastani. Basi sisi tutakaotia maziwa katika maji ya kuoga, na tuyatie kwa kiasi kilekile cha adabu. Kopo moja la kuogea na beseni moja vyatosha.

Kilichomo ndani ya maziwa

Yafaa tujue maziwa yana nini, ili tusiyatazamie yasiyoyaweza. Ukiyagawa maziwa ya ng'ombe sehemu 100, karibu sehemu 87 ni maji matupu. Zilizobaki ni mafuta, ambayo ni kiasi cha sehemu 4. Protini, ambayo hupita 3 kidogo. Na sukari ya maziwa, ambayo hukaribia 5. Na kilichobaki ni chumvichumvi kidogo. Kwa hiyo anayejimwagia maziwa kwa hakika ajimwagia maji yenye mafuta machache ndani yake.

Mafuta hayo, machache kama yalivyo, hutandaa juu ya ngozi kama utando mwembamba, na utando huo huzuia unyevu usikimbie upesi. Hii ndiyo faida ya kwanza.

Faida ya pili hupatikana zaidi katika mtindi kuliko katika maziwa mabichi. Maziwa yanapoganda, ile sukari yake hugeuzwa na vijidudu visivyo na madhara ikawa tindikali laini, nayo ndiyo inayoupa mtindi ukali wake. Mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliitenga tindikali hiyo kutoka katika maziwa yaliyochacha mwaka 1780. Kazi yake katika ngozi ni kulegeza yale magamba makavu yaliyokufa ambayo hutufanya tuonekane tumepauka, yakatoka kwa urahisi bila ya kusuguliwa kwa nguvu. Na ajabu ya uumbaji ni kwamba ngozi ya mwanadamu nayo ina tindikali hiyohiyo kwa asili yake, ikiwa miongoni mwa vitu vinavyoishika rutuba ya ngozi.

Walakini tupime kwa mizani ya haki. Yako mafuta ya ngozi kavu yauzwayo katika maduka ya dawa ambayo hutiwa tindikali hii kufikia sehemu 12 katika 100. Mtindi wetu wa nyumbani una kiasi cha sehemu 1 tu, na ukiuchanganya na maji hupungua zaidi. Kwa hiyo kazi yake ni ya upole na ya polepole. Atakayeoga mara moja akakimbilia kioo hataona kitu. Atakayedumu nayo wiki kadhaa, akayafuata na mengine nitakayoyaeleza, ataona ngozi imetulia na mikono haikwaruzi nguo.

Ama weupe, hilo maziwa hayaliwezi kabisa. Rangi yetu hutokana na chembe ziitwazo melanini, ambazo hutengenezwa chini ya yale magamba ya juu ya ngozi. Maziwa huishia juu, hayafiki huko. Na lau yangefika pia, tusingetaka yafike, kwa sababu melanini ni mwavuli aliotupa Mola wetu dhidi ya jua kali la nchi zetu. Weupe wa maziwa ni wa maziwa, hauhamii kwa mtu, kama weusi wa kahawa usivyomhamia mnywaji.

Namna ya kutengeneza

Sasa nitaeleza namna ya kuyatengeneza, kwa nyumba ambayo maziwa yatosha watoto na kubaki.

Chukua maziwa nusu lita, yaani vikombe viwili vya chai. Yakiwa yametoka moja kwa moja kwa ng'ombe, sharti yachemshwe kwanza mpaka yafure, kisha yapozwe. Wengine hudhani ya kuchemshwa ni ya kunywa tu, na ya kuoga hayana haja. Sivyo. Kuna ugonjwa wa brusela, ambao hutupisha mimba ng'ombe na kumpa mwanadamu homa ndefu na maumivu ya viungo. Nao huweza kuingia hata kwa njia ya mkwaruzo mdogo wa ngozi. Ukiwa huna maziwa ya maji, koroga vijiko vinane vya kulia vya maziwa ya unga katika maji ya uvuguvugu, nayo yatakuwa nusu lita. Au tumia kikombe kimoja cha mtindi usio na sukari, uliopigwa mpaka ukalainika. Nao kwa ngozi yenye magamba ndio bora zaidi. Lakini maziwa yaliyovunda na kutoa harufu si mtindi, hayo mwaga.

Changanya maziwa hayo na maji lita 4 katika beseni safi. Maji yawe ya uvuguvugu tu. Chovya kiwiko cha mkono kama ufanyavyo unapomwogesha mtoto mchanga. Ukihisi joto kali, yangoje. Maji ya moto ni adui mkubwa wa ngozi kavu, kwa sababu huyaondoa mafuta ya asili, na mtu hutoka bafuni akiwa mkavu kuliko alivyoingia. Wengi wanaolalamika kupauka, hasa wakaao nchi za baridi za milimani, hujiunguza wenyewe kila asubuhi kwa maji ya moto kisha wakatafuta dawa.

Kwanza oga kama kawaida, ukitumia sabuni kidogo isiyo kali, mahali penye jasho na uchafu; mikono na miguu haihitaji povu jingi. Ujisuuze. Pili, kaa juu ya kibao au kigoda, ujimwagie maji ya maziwa polepole kwa kata au kopo, ukianzia mabegani. Sehemu zilizo kavu zaidi, kama viwiko, magoti na miguu, zifunike kwa kitambaa laini kilichochovywa katika beseni. Miguu yenyewe waweza kuitia ndani ya beseni. Tatu, ngoja dakika 10, wala usizidishe 15, kwani kuloweka sana nako hukausha. Katika muda huo pitisha kitambaa kwa wepesi. Usisugue kwa dodoki gumu wala jiwe, ila visigino, navyo kwa upole. Nne, jimwagie maji safi mwili mzima mpaka utelezi na harufu ya maziwa vitoke. Tano, jifute kwa kugusagusa na taulo, usijikaushe kabisa. Na ungali na unyevunyevu, kabla hazijapita dakika tatu, jipake mafuta ya nazi au mafuta mengine mazito yasiyo na manukato makali.

Natamani ningeliandika hilo la tano kwa wino mwekundu. Faida kubwa ya kuoga huku imo katika kuyapaka mafuta juu ya ngozi mbichi, yakaufunga unyevu ndani. Mtu akiyafanya yote lakini akaacha hili, atakuwa amepoteza maziwa yake bure. Na mtu akiliacha beseni la maziwa lakini akalishika hili, pamoja na maji ya uvuguvugu, atapata sehemu kubwa ya faida bila ya kumkamua ng'ombe yeyote.

Fanya hivi mara mbili kwa wiki, haihitaji zaidi. Ukimaliza, osha beseni na sakafu papo hapo kwa sabuni. Mafuta ya maziwa huteleza, na nyanya aingiaye bafuni baada yako asije akavunjika nyonga kwa sababu ya urembo wako. Tena maziwa yaliyobaki mifereji huchacha upesi na kuita nzi.

Njia isiyomnyima mtu

Nilimwahidi dada yetu njia nyingine. Katika nyumba za pwani, ni siku chache zipitazo bila ya nazi kukunwa. Baada ya kukamuliwa tui, machicha hutupiwa kuku. Basi yachukue machicha hayo kiasi cha konzi mbili, uyafunge katika kitambaa cha melimeli, uyatie katika beseni la maji ya uvuguvugu na kuyaminya mpaka maji yawe meupe. Hayo ni tui jepesi la mwisho, lenye mafuta ambayo yangetupwa. Oga nayo kwa utaratibu uleule nilioueleza, ukikitumia kile kifurushi mahali pa kitambaa cha kupitishia mwilini. Ngozi haitajua tofauti kubwa, kikombe cha mtoto kitabaki kimejaa, na kuku watapata machicha yao jioni, ilimradi yawe hayakuingia sabuni. Hapo, dada yangu, hakunyimwa mtu.

Mambo ya kuepukwa

Mwenye mzio wa maziwa, yaani ambaye akiyanywa huvimba au kutoka vipele, asiyaoge. Kadhalika watoto wadogo wenye pumu ya ngozi wasiogeshwe maziwa ila kwa shauri la daktari, kwa sababu ngozi iliyochubuka huweza kumwanzishia mtoto mzio wa chakula hicho. Kila mtu mwingine ajaribu kwanza kidogo upande wa ndani wa mkono, angoje siku moja. Aonaye mwasho au wekundu aache. Penye kidonda, jipu au upele wa fangasi pasitiwe maziwa. Hapo pana haja ya tiba, si urembo.

Usitie ndimu wala limau katika beseni hilo, kama wafanyavyo wengine kwa kudhani kwamba hung'arisha. Maji ya ndimu yakibaki juu ya ngozi kisha jua likapiga, huiunguza ikatoka malengelenge, na baada yake hubaki madoa meusi kwa miezi. Usitie mafuta makali ya karafuu wala magadi. Vipande vichache vya mawaridi au asumini havina neno kwa mtu ambaye ngozi yake haisumbuki na manukato.

Kuoga maziwa na kuoga janaba

Hapa pana jambo ambalo mabinti wengi hulisahau. Maziwa ni twahara, lakini hayatwaharishi. Kwa wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, josho la faradhi halisihi ila kwa maji matupu yaliyobaki na jina lake la maji. Maji yaliyochanganywa na maziwa hata yakabadilika sana, hayatoshi kwa janaba, wala kwa hedhi, wala kwa udhu. Kwa hiyo yule aliye na josho la faradhi, akishamaliza kuoga maziwa, atie nia na ayaeneze maji safi mwili mzima na nywele. Na ikiwa amejisinga, ahakikishe kwamba hayakubaki makoko ya singo juu ya ngozi, maana kitu chenye kiwiliwili huyazuia maji yasifike. Mafuta hayo ayapake baada ya josho, si kabla, nayo itakuwa salama zaidi. Atakaye hukumu kwa upana zaidi na amwendee shekhe wake.

Kile kikopo

Nimekiacha kikopo mpaka mwisho, na hapa naomba binti mwenyewe asome kwa macho yake.

Mwanangu, maziwa yakikukosea hayatakudhuru sana. Utaoga maji, basi. Lakini kikopo hicho sikijui, wala wewe hukijui, wala aliyekuuzia hakijui. Mafuta ya kujichubua mara nyingi huwa na moja katika vitu vitatu, au vyote. Cha kwanza ni zebaki, ambayo huingia mwilini kwa kupitia ngozi na kuharibu mafigo, humfikia mtoto aliyemo tumboni, na kwa njia ya taulo na mikono huwafikia hata wale wasiojipaka. Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huweza kuiachia ngozi mabaka ya weusi wa samawati ambayo ni shida kuyaondoa. Cha tatu ni dawa kali za steroidi, ambazo daktari huzitoa kwa maradhi maalumu na kwa siku za kuhesabu. Zikipakwa kila usiku huifanya ngozi nyembamba kama karatasi, ikatoka chunusi na michirizi.

Serikali za Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vya namna hii. Uko pia mkataba wa mataifa uitwao wa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliangamizwa na zebaki. Ulikubaliwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017; na mwaka 2023 nchi zilizomo zilikubaliana kuviondoa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki. Yote hayo hayakufanywa kwa sababu ya chuki ya urembo. Yalifanywa kwa sababu watu wameumia.

Ukikuta kopo lenye maandishi, soma. Likiwa na neno mercury, mercurous au calomel, hiyo ndiyo zebaki. Likikuonya usiyagusishe mafuta hayo na dhahabu, fedha au vyombo vya alumini, jua hiyo ni dalili nyingine ya zebaki. Na kitu kinachokhofiwa kitaharibu bangili, kwa nini kiwekwe juu ya shavu? Na likiwa halina maandishi kabisa, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuliacha.

Nina ushahidi wa karibu. Binti mmoja katika jamaa zangu alinunua mafuta ya namna hii katika duka moja, akajipaka miezi minne kabla ya arusi yake. Mwezi wa kwanza sote tulimsifu, na Mungu atusamehe kwa sifa zile, kwani ndizo zilizomtia nguvu ya kuendelea. Mwezi wa tatu uso ukawa mwekundu, hawezi kusimama juani wala kukaa karibu na moto wa jikoni. Alipoyaacha ghafula, uso ulifura na kutoka vipele kuliko kwanza. Siku ya arusi alifunikwa shela si kwa haya bali kwa maumivu. Daktari alitueleza baadaye kwamba ingefaa apelekwe kwake mapema pamoja na kopo lenyewe, ili aachishwe kwa utaratibu. Basi nami nakwambia hivyo: ikiwa umekwisha kuanza kujipaka, usione haya, wala usiyafiche. Mwambie mama, mchukue kikopo, nendeni kwa daktari wa ngozi. Ikiwa bado hujaanza, usikifungue. Kifungeni katika mfuko, mkipeleke hospitali au kwa wakuu wa dawa waulizeni namna ya kukitupa. Msikimwage katika shimo la maji.

Neno la mwisho kwa mwali

Nilipokuwa mwali, somo yangu alinisinga kwa singo ya liwa, karafuu, mawaridi, asumini na mlangilangi, vikiwa vimesagwa pamoja na kurowekwa kwa marashi. Nyumba nzima ilinukia. Nikamwuliza kwa ujinga wangu kama nitakuwa mweupe. Alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Akanieleza kwamba singo haikuwekwa na wazee ili kumbadilisha mtu, ila ili bwana arusi amkute yuleyule aliyemposa, akiwa amepumzika, msafi na mwenye harufu nzuri. Sijalisahau jambo hilo, na kila nimsingapo mwali humrudishia.

Basi, mwanangu wa Tanga, muda wa miezi miwili watosha sana. Acha maji ya moto tangu leo. Oga machicha yako mara mbili kwa wiki, na mtindi siku ambayo nyumbani umezidi. Jipake mafuta ya nazi ungali na unyevu, asubuhi na jioni. Na visigino vipake kwa wingi usiku, kisha uvae soksi za pamba ulale. Kunywa maji, lala mapema. Ukiona mwasho hauishi, au ngozi yapasuka na kutoa maji, hilo si la beseni tena, mwone daktari.

Na wewe dada yangu, mama wa watu, usiwe na wasiwasi. Aliyekuja kumposa binti yako amemwona na rangi yake, akapenda, akaleta wazee. Hakuposa kikopo. Mpe binti afya, usafi na maneno mema, na wadogo zake wape maziwa yao.

Wenye maswali mengine ya nyumbani na waniandikie, nami nitajibu kwa kadiri ya uwezo wangu. Mwenyezi Mungu aijaalie arusi hiyo kheri na baraka, na azifanye nyumba zetu ziwe za utulivu na mapenzi. Amin.

Wassalaam.